Kabla ya Chai

Amekuja na njaa, kama alivyoagizwa.
Tangu saa mbili usiku hajatia kitu kinywani
ila mate yake na jina la Mungu.
Kanga kaifunga mara mbili upande wa kushoto,
upande ambao mkono haupandi tena kuchana nywele.
Jina: Mbuke Lugwisha. Kazi: dagaa, Mwaloni.
Umri: anacheka. "Andika hamsini, mengine tutapatana."

Namfunga mpira juu ya kiwiko cha kulia.
Mshipa unachelewa, kisha unajitokeza
kama mjusi wa mawe ya Igogo jua likimfikia.
Damu inaingia kichupani bila kelele.
"Hiyo nayo mnaitafutia nini,
na titi mmekwisha lipiga picha?"

Namweleza, kwa kuwa ameuliza,
na aliyesaini karatasi hakupata muda.
Dagaa wako, Mama, na kunde, na maziwa,
tumbo huvivunja vikawa punje,
na punje hizo, asidi amino, husafiri damuni
aina ishirini, kila moja na jina lake:
leusini, arginini, glutamini, triptofani.
Mwili huzijengea kucha, misuli, mtoto.
Uvimbe nao hujenga.
Watafiti wanauliza kama kiwango chake,
kikipanda hapa, kikishuka pale,
kingeweza kutuonya mapema,
kabla kidole hakijagusa kokoto kwapani.

Nje korongo wawili wanagombea paa la jikoni.
"Kumbe ni madalali," anasema.
"Wanaingia sokoni saa kumi alfajiri na tochi,
wanachagua wale weupe, wakavu,
sisi tunabaki na makombo na mchanga.
Ukija saa moja kupima, utasema ziwa halina kitu."

Ningeishia hapo, mfano ulinitosha.
Yeye ndiye hakuishia.
"Au soko lilikwisha pungua tangu mwanzo,
ndio madalali wakapata nguvu?
Mimi nikikuta debe halijajaa sisemi limeibiwa.
Nauliza kwanza nani alilipakia."

Hapo, Mama, ndipo wasomi walipokwama.
Bandarini kuna nguzo yenye namba;
maji yakipanda, karani anaandika yamepanda.
Nguzo haisemi ni Kagera iliyoleta, au Simiyu,
au mvua iliyonyesha usiku ziwani bila shahidi.

"Kwa hiyo si dagaa?"

Hili ndilo alilokuja nalo, naliona sasa,
amelibeba chini ya kanga pamoja na lile jingine.
Miaka thelathini kawauza, kawala, kawalishia wanawe,
na wifi yake kamwambia ugonjwa kajipakulia mwenyewe.
Si dagaa. Hakuna aliyesema dagaa.
Namwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma,
kisha kwa kumshika mkono.

Anafungua mfuko: chupa ya chai, vitumbua viwili.
Ananipa kimoja. Sheria ya maabara inakataza.
Nakila.

Mlangoni anageuka, pamba bado mkononi.
"Hiyo damu mnaianika wapi?"
Kwenye friza, nyuzi themanini chini ya sifuri.
"Na umeme ukikatika? Maana mimi masika yakinikuta
na dagaa wabichi mchangani, nawapa bata."

Usiku ule umeme ukakatika.
Kilima chote kikazima, na Igogo, na Pasiansi,
zikabaki taa za wavua dagaa, mbali, nyingi,
kama mji mwingine usiotuhitaji.
Nikasimama gizani, kiganja juu ya mlango wa friza,
kichupa mia nne na kumi na saba ndani,
nikahesabu kama mtoto anayejificha:
tisa, kumi, kumi na moja,
kumi na moja tena,

jenereta likakohoa.